Mtoto wa Toleka Hatembei kwa Miguu

Asubuhi moja nilimtikisa binti yangu kwa nguvu nikidhani amekufa. Jua lilikuwa limeshaingia kwenye matundu ya bati, kuku wa jirani walikuwa wameshapigana na kupatana, na Sifa alikuwa bado kwenye mkeka, mdomo wazi, hajigeuzi. Alikuwa na miaka minane. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kumkuta amelala jua likiwa limetoka. Nikamshika mbavu. Zikapanda, zikashuka. Alifungua jicho moja, akaniangalia vibaya kama mtu aliyeibiwa, akalifunga tena. Mimi, mwanaume mzima, nilikaa chini sakafuni nikalia.

Kama na wewe una mtoto asiyelala, tunajuana hata kama hatujaonana. Unajua benchi la hospitali lile la mbao, lenye msumari unaochana nguo upande wa ukuta. Unajua kumshika mtoto anayepiga kelele huku mama wengine wanavuta watoto wao karibu na mapaja yao. Unajua kujibu "yuko muzuri tu" mtu anapouliza habari za nyumbani. Ninakuandikia wewe. Sina udaktari. Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, kalamu hainiogopeshi, na mabaya zaidi yameshapita, kwa hiyo naweza kuyasema bila kutetemeka.

Mimi ni mtu wa toleka. Kwa msomaji wa mbali, toleka ni baiskeli yenye mto wa kukalia nyuma, ambayo hapa Kisangani tunabebea abiria. Nilizaliwa Kindu, jimbo la Maniema, wazazi wakanileta huku nikiwa mdogo. Mke wangu ni mtu wa mto, kwao ni Isangi; akitulia anasema Kiswahili, akikasirika anasema Lingala, na katika miaka ya Sifa nimejifunza Lingala nyingi sana. Tunakaa komini ya Tshopo, katika parsele moja, yaani kiwanja kimoja, na familia tatu nyingine, vyumba vinaangaliana, ukikohoa huku wanakuambia pole kule.

Sifa alichelewa kusema, halafu akaacha kuchelewa, hakusema kabisa. Alipenda kuzungusha kifuniko cha sufuria sakafuni na kukisikiliza kinavyonyamaza. Hakumwangalia mtu machoni. Daktari mmoja aliandika neno "otisme" kwenye karatasi. Baadaye nilisikia kwamba kwa Kiswahili safi wanaita usonji. Sawa. Hayo yote tungeyabeba. Kilichotumaliza ni usiku. Alikuwa analala kwa kuibia, saa moja, saa mbili, kisha anasimama, anazunguka chumba akigusa ukuta kwa vidole, anaimba wimbo wake wa pumzi usio na maneno, na kujiuma mkono hapa chini ya kidole gumba mpaka pakaota ngozi ngumu.

Mtoto anayetembea usiku, kwetu watu wana neno moja kwa ajili yake. Sitaliandika hapa karibu na jina la binti yangu. Mama wa chumba cha pili alianza kufunga mlango wake na kamba juu ya komeo. Watoto wakakatazwa kupokea kitu mkononi mwa Sifa.

Tulianza na dawa ya maji, ile inayotoka kwenye kichupa chenye kijiko. Mwaka mzima wa kijiko. Mchana alikuwa anasinzia na mate yanamtoka, usiku macho makavu. Zikaja mvua kubwa, tukaingia kwenye majani: kuogeshwa asubuhi, kuogeshwa jioni, nyumba nzima inanuka kama msitu. Kiangazi kidogo kilipofika tulikuwa kwenye maombi. Mwili wangu nao ulikwisha. Mkanda wa suruali ulihama matundu matatu. Siku moja nilisinzia nikiwa nakanyaga baiskeli, tukaingia mtaroni mimi na abiria wangu, mama mwalimu wa shule, na karatasi zake zote za mtihani. Yule mama aliinuka na tope usoni, akaniangalia, akasema, "Papa, weye unaumwa. Enda ulale." Hakujua amenichoma wapi.

Kitu kimoja tu nilijivunia wakati ule. Sifa hakuchoka. Nesi wa kwanza kabisa alisema mtoto huyu anahitaji kupumzika, na mimi nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Mtoto wangu hakukanyaga barabara. Hospitalini, toleka. Sokoni na mama yake, toleka. Kanisani, toleka, amekaa kwenye mto, amefungwa na kitenge mgongoni kwangu. Nyumbani alikuwa na mkeka wake, kifuniko chake, kona yake. Akisimama, mtu anamkalisha. Wenzangu wa toleka walikuwa wanasema, "Papa Sifa anamubeba binti yake kama mutoto wa gavana," na mimi nakaza mgongo. Wewe fikiria: fundi viatu mwenye watoto peku, watu watasemaje? Basi na mtoto wa toleka hatembei kwa miguu. Ndivyo nilivyojua.

Halafu dada yangu mkubwa akaja. Anaitwa Feza, sisi tunamwita yaya Feza, maana yaya kwetu ni dada mkubwa, na ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufa, kwa hiyo akisema mimi nasikiliza. Alikaa kwenye kiti, akakataa chai.

"Mudogo yangu," alisema, "batu ya parsele yako banakuja kunilalamikia mpaka kwangu Mangobo. Kuna nyumba ya maombi kwenye barabara ya Bafwasende. Banapokea batoto kama huyu. Anafunga, anaombewa siku makumi ine."

"Na mama yake?"

"Muzazi haingiake. Njo sheria yao."

Mke wangu aliweka chini sahani aliyokuwa anaosha. "Yaya Feza, siku arobaini bila kula?"

"Si bila kula kabisa."

"Si bila kula kabisa!" mke wangu akarudia, na yaliyofuata yalikuwa Lingala.

Yaya Feza hakuwa mbaya. Nataka ulijue hilo kabla hujamchukia. Sifa alipozaliwa ni yeye aliyemkata kucha za kwanza kwa meno yake. Alikuwa anaogopa, kama sisi sote, na mtu anayeogopa anatafuta mlango wowote. Tulipatana hivi: mpaka mvua zitakapokolea. Kama mtoto bado anatembea usiku, atamchukua. Mimi nilikubali kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikataa. Usiku ule mke wangu alilala akinipa mgongo.

Sasa nirudi kwenye ile asubuhi niliyoanza nayo.

Mke wangu alikuwa amepanda boti kwenda Isangi kwenye matanga ya mjomba wake. Nikabaki na Sifa. Nilipata kazi ya kuleta gunia la muhogo kutoka ng'ambo ya daraja la Tshopo, nikaenda naye. Kurudi, cheni ikakatika. Kutengeneza ningeweza, lakini vyombo nilikuwa nimevikopesha, nawe unajua vyombo vilivyokopeshwa vinavyorudi. Gunia lilikuwa zito na mbele kuna mwinuko. Nikamshusha Sifa. Nikaanza kusukuma baiskeli, jasho linaingia machoni, nikasikia mzigo umekuwa mwepesi. Nikageuka. Mtoto alikuwa ameweka mikono miwili na kichwa kwenye gunia, anasukuma kama mbuzi dume. Nikamwambia acha, utachoka. Hakusikia. Akasukuma mpaka juu, akasukuma tambarare, akasukuma mpaka mlangoni kwetu, zaidi ya saa nzima, akiimba wimbo wake wa pumzi. Alikula sahani mbili. Akaoga. Akalala mpaka nikadhani amekufa.

Na unafikiri mimi nilielewa? Wapi! Cheni ikatengenezwa, kesho yake nikambeba tena kwenye mto wake, usiku akatembea mpaka asubuhi. Nikawaza siku nne. Mke wangu aliporudi na nguo zake za msiba, badala ya pole nikamwambia, "Mama Sifa, siku moja alilala. Labda ni kwa sababu haukuwepo."

Hakunijibu hata kwa Lingala. Aliingia ndani akakaa kitandani na mkoba wake begani, hajauvua. Mimi nilibaki nje kama mjinga, nikijua nimesema kitu kisichorudi mdomoni.

Wiki iliyofuata tulikuwa na zamu ya kuonana na mama mmoja wa mazoezi ya mwili, anayewasaidia watoto wenye ulemavu. Tulikwenda kwa sababu karatasi ilisema twende. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, mimi huku, mke wangu kule, Sifa katikati. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye miguu iliyopinda alimega mkate wake vipande vinne, akatupatia vitatu bila kuuliza kitu. Mpaka leo sijui jina lake, lakini mkate ule naukumbuka kuliko dawa zote.

Mama wa mazoezi alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana. Hakumgusa Sifa. Alikaa sakafuni mbali kidogo, akamtazama muda mrefu, halafu akaniuliza.

"Papa, siku yote mutoto anafanya nini?"

"Anaikala kwa mukeka, madamu. Iko mugonjwa, tunamupumuzisha."

"Hapa amekuja na nini?"

"Na toleka yangu."

"Na kwa soko?"

"Toleka."

"Na kwa kanisa?"

Nikacheka kidogo. "Madamu, mimi njo mutu wa toleka. Mutoto yangu atembee na miguu, batu basema nini?"

"Bon. Na weye, kama angekuacha ulale, ungelala namna gani?"

"Mimi? Kama gogo!"

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Juu nimekanyaga baiskeli siku yo..."

Sikumaliza. Mke wangu aligeuka akaniangalia. Nilihisi damu yote inashuka miguuni, kwenye miguu hii yangu inayokanyaga siku nzima ili miguu ya mwanangu isikanyage. Kumbe ni mimi. Miaka yote ile, na kitenge, na mto, na mgongo uliokazwa. Kumbe ni mimi!

Yule mama hakunicheka. Alisema taratibu, "Si dawa ya kumuponyesha, papa. Atabaki Sifa. Lakini mwili yake inatafuta kazi. Ukiinyima muchana, itaifanya usiku." Akatueleza: kila siku, saa ileile, njia ileile. Kutembea, kupanda, na zaidi ya yote kusukuma, kuvuta, kubeba kitu chenye uzito wa kumfaa. Tumalize kabla jua halijazama, ili mwili upoe. Na tusiache kumwona daktari.

Tulirudi kwa miguu, watu watatu na baiskeli moja. Tulipofika njia panda mke wangu akasema, bila kuniangalia, "Uliniambia ni mimi."

"Nilisema ujinga."

"Sema tena."

"Nilisema ujinga, mama Sifa."

"Na Lingala."

"Nalobaki bozoba."

"Matamshi mabaya," alisema, na nikaona shavu lake linacheka.

Wiki za kwanza zilikuwa mateso, nisikudanganye. Miguu ya Sifa ilikuwa myembamba na laini ya mtoto wa kukaa. Alikuwa anajitupa chini katikati ya barabara, anapiga kelele, pikipiki zinatuzunguka, na kila mtu ana ushauri. Wenzangu wakipita wanapiga kengele: "Papa Sifa, toleka imekufa?" Nilikuwa nafanya kazi asubuhi na mapema, narudi jua likianza kulegea, nafunga nyuma ya baiskeli kifuko cha mchanga, na Sifa anasukuma. Kutoka nyumbani mpaka darajani, kutoka darajani mpaka nyumbani. Mke wangu alimpa kazi ya asubuhi, kidumu kidogo cha maji kutoka kisimani, hatua kwa hatua, wakipumzika kwenye jiwe lilelile kila siku. Siku walipokuta mtu amekaa kwenye jiwe lile, ilikuwa vita.

Sijui siku gani ilianza kugeuka. Usingizi ulirudi kama maji yanavyorudi kwenye kisima, huyaoni yakiingia. Kwanza saa tatu mfululizo. Halafu nne. Halafu tukawa tunaamka sisi wenyewe usiku kwa mazoea, tunakaa gizani tunasikiliza pumzi yake, tunashikana mikono kama watu waliookoka ajali. Ile ngozi ngumu ya mkononi ikaanza kubanduka, chini yake kukawa na ngozi mpya nyeupenyeupe. Weusi chini ya macho ukaisha. Miguu ikapata nyama ya kweli, ukiishika nyuma ni ngumu. Mkanda wangu ulirudi tundu moja.

Na kulikuwa na daraja. Kila jioni, tukifika, Sifa alikuwa anasimama, anaweka kiganja kwenye chuma cha pembeni, anabaki hapo, kichwa ameinamisha. Nilidhani amechoka. Siku moja nami nikaweka kiganja. Chuma kinatetemeka! Maji ya Tshopo yanapiga chini kule kwenye mawe, na mtetemeko wake unapanda mpaka mkononi, mdogo, haukatiki. Nimevuka daraja lile tangu ujana wangu, na abiria, na magunia, na majeneza, na sikuwahi kujua kwamba linatetemeka. Mtoto asiyesema neno ndiye aliyenionyesha. Tulisimama pale baba na binti, viganja kwenye chuma, na nikamwambia Mungu aksanti kwa sauti, watu wasikie wakitaka.

Mvua zikakolea. Yaya Feza hakusahau. Nilimweleza habari za kutembea, akanitazama kwa huruma.

"Kutembea? Kutembea inafukuza roho mubaya?"

"Yaya, analala."

"Nitakuja nione na macho yangu. Nitalala naye chumba moja, mupaka Siku ya Mungu. Nikiona ametulia, sitasema tena. Nikiona anatembea, Siku ya Mungu tunaenda Bafwasende."

Alifika Jumatatu, akihesabu mpaka Jumapili, na mkoba, Biblia na mto wake mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilijisemea. Jumatatu Sifa alisukuma, akalala. Jumanne alisukuma, akalala. Yaya Feza asubuhi macho mekundu, amekesha akimlinda, anasema, "Bahati tu."

Jumatano mvua ilianza kabla ya mchana. Mvua ya kwetu wewe unaijua, haina adabu. Na Sifa havumilii tone la mvua kwenye ngozi, analilia kama moto. Hatukutoka. Kidumu hakikubebwa. Alizunguka chumba mchana kutwa, nasi tukamwangalia tukijua. Usiku ule alitembea. Mimi nilikuwa chumba chetu kingine nasikia vidole vyake ukutani, na nasikia yaya Feza anaomba, sauti inapanda, na wimbo wa pumzi nao unapanda. Nilitaka kuingia. Mke wangu akanishika mkono: "Mwache amwone. Amwone kweli."

Alhamisi asubuhi yaya Feza alikuwa anakunja nguo za Sifa. Moja moja, vizuri sana, huku machozi yanamtoka. "Nimeona, mudogo yangu. Nimeona." Mvua ilikuwa bado inanyesha.

Mke wangu ndiye aliyepata la kufanya. Alitoka kwenye mvua na kitenge kichwani, akapita vyumba vyote vitatu vya parsele, hata kwa yule wa kamba mlangoni. Akarudi na majani ya sombe, yaani kisamvu, ya nyumba zote nne. "Leo sisi njo tunatwangia bote," alisema. Akaviringisha kinu kikubwa mpaka chini ya bati la mbele, mahali pakavu, akamwekea Sifa mchi mkononi.

Sifa aliukumbatia kwanza. Akausikiliza uzito wake. Halafu akaunyanyua, akauangusha. Pu. Akasimama. Akaunyanyua tena. Mara majani yanaruka nje, mara mchi unagonga ukingo. Nilikuwa namshika kiuno asianguke. Alitwanga hivyo muda mrefu, hovyo, kwa hasira, jasho linaanza kutoka.

Yaya Feza alikuwa mlangoni na nguo mkononi. Alivumilia, alivumilia, akashindwa. Mwanamke wa Maniema hawezi kuangalia sombe inaharibiwa. "Ah, hapana! Hivi mutavunja kinu ya batu!" Akaweka nguo chini, akajifunga kitenge vizuri, akachukua mchi wa pili.

Unajua wanawake wawili wanavyotwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja anapanda, mwingine anashuka, na hakuna anayehesabu. Ukimsahau mwenzio tu, michi inagongana. Lazima umsikie mtu mwingine ndani ya mikono yako. Na huyu alikuwa mtoto ambaye kwa miaka minane hatukujua kama anatusikia.

Yaya Feza akapiga. Sifa akapiga. Michi ikagongana. Yaya Feza akangoja, akapiga tena. Sifa akainamisha kichwa, vilevile anavyoinamisha pale darajani. Akangoja. Alingoja! Mchi wa shangazi yake ukashuka, wake ukapanda. Wake ukashuka, wa shangazi ukapanda. Pu, pu. Pu, pu. Na wimbo wake wa pumzi ukaingia katikati, mahali pake hasa, kana kwamba siku zote ulikuwa unatafuta kazi ya kusindikiza. Niliondoa mikono kiunoni mwake. Hakuhitaji kushikwa.

Milango ya parsele ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Mama wa chumba cha pili alitoka na mtoto mgongoni, akasimama pembeni. Uso wa dada yangu ulikuwa umelowa, na hatukuwa kwenye mvua. "Yesu wangu," alikuwa anasema kila mchi unaposhuka, "ananisikia. Mutoto ananisikia. Yesu wangu." Walitwanga sombe ya nyumba nne mpaka ikawa laini kama unga, na jioni parsele nzima ilikula.

Sifa alilala kabla taa hazijawashwa. Yaya Feza alisema atakaa macho amlinde. Alijiegemeza ukutani na Biblia magotini.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilichungulia mlangoni polepole. Dada yangu alikuwa amelala chini, mdomo wazi, anakoroma, mkono mmoja kwenye mkeka. Sifa alikuwa ameshaamka. Alikuwa amesimama kando yake, na mikononi alikuwa ameshika kandambili za shangazi yake, za plastiki, zenye tope la parsele. Mtoto huyu hajawahi kumletea mtu kitu. Hajawahi kumwomba mtu kitu. Aliinama, akaziweka moja moja mbele ya miguu ya yaya Feza, zikiangalia mlango, akangoja.

Yaya Feza aliamka. Aliangalia kandambili, aliangalia mtoto, akaniangalia mimi mlangoni. Kisha alizivaa.

Tangu hayo, sasa imepita misimu miwili ya mvua. Sifa hasemi bado, na kuna usiku mmoja mmoja anaotembea, hasa akiwa na homa au siku zikichanganyika. Hajapona, kwa sababu, kama alivyosema yule mama wa mikono mipana, si kitu cha kupona. Lakini analala, nasi tunalala, na jirani ameondoa kamba mlangoni kwake. Kama mtoto wako halali, usimfanyie haraka na usimfanyie kwa nguvu. Muulize daktari wako, kisha angalia mchana wake una nini ndani. Mimi niliangalia usiku tu kwa miaka minane.

Asubuhi ile ya kandambili nilikimbia nje, nikafuta mto wa toleka kwa mkono wa shati, nikaigeuza tayari mbele ya mlango. Tope lilikuwa jingi na dada yangu si kijana.

"Panda, yaya," nilimwambia. "Nitakubeba mupaka darajani."

Alikuwa ameshatoka, Biblia imebaki ndani, mkono wake umeshikwa na Sifa. Alinitazama kama alivyokuwa ananitazama nikiwa mtoto, nilipovunja kitu.

"Weye na kubeba batu!" alisema. "Acha baiskeli yako kwa nyumba. Tunaenda na miguu."